Wakunga na Pembe ya Kusikilizia

Katika Yubilei hii tumewataja mapadri na makatekista. Yafaa kuwataja wakunga pia, kwani Wakristo wengi wa Kalengera walipita mikononi mwao kabla ya kufika kwenye maji ya Ubatizo.

Mwaka 1821, mjini Paris, daktari Lejumeau de Kergaradec alitangaza kwamba moyo wa mtoto wasikika tumboni mwa mama. Mwaka 1895 Adolphe Pinard akatengeneza pembe ndogo ya kuusikiliza, nayo yatumika hata leo, bila umeme. Mkunga hupapasa tumbo atafute mgongo wa mtoto, ndipo aweke pembe na kutega sikio. Mkono wake hushika mshipa wa mama, asije akahesabu moyo usio wenyewe. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni mazuri. Yakilegea baada ya uchungu, yasirudi upesi, huenda mtoto akosa hewa. Mama apelekwe hospitali.

Katika hospitali ya Kikatoliki ya Nsambya, Kampala, pembe ililinganishwa na mashine ndogo ya Doppler yenye kuzungushwa kwa mkono, kwa wanawake karibu 2,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: mashine iligundua shida nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikutofautiana. Hilo halitushangazi. Mkunga akiisha kusikia, yabaki njia ya kwenda kwa daktari wa kupasua. Na mwaka 2022 njia yetu ya Rutshuru ilikuwa ya vita, wamama wenye mimba wakikimbilia Kanyaruchinya kwa miguu.