Mnara Katika Postikadi za Watoto

Watoto wetu wa ughaibuni wakichora postikadi za Unguja, aghalabu huanza na Beit-al-Ajaib na mnara wake wa saa. Ni vyema, ila wafahamishwe kwamba jumba hilo, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, hapo awali lilikuwa halina mnara. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka uliofuata jumba likaungwa mnara wa saa, nao ukaporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ukaua mafundi wawili.

Basi wachore kadi tatu, na mwaka nyuma ya kila moja. Wako wasemao pengo lisichorwe, siafiki. Wapelekeane, Maskati hadi London. Stampu tutanunua sisi wazee.