Kiashiria: namba ya damu na kinacholengwa nayo

Mwambie mama wa Kapsokwony, kwenye Mlima Elgon katika kaunti ya Bungoma, kwamba mtoto "hana damu", naye hatahitaji ufafanuzi: viganja vimepauka, mtoto amelegea, hachezi na wenzake. Hizo ni dalili. Akifikishwa hospitalini atatobolewa kidole, tone litiwe kwenye kimashine, na mhudumu aseme damu iko tisa. Hicho ni kipimo. Watafiti wa lishe na umetaboli, yaani namna mwili unavyovunja chakula na kukitumia, wana kitu cha tatu. Maabarani hukiita bayomaka. Kwa Kiswahili, istilahi inayokifaa ni kiashiria, au kwa ukamilifu wake, kiashiria cha kibayolojia.

Kiashiria ni kitu kinachopimika ambacho kiasi chake hutumika kukadiria hali ya kitu kingine kisichofikika. Akiba ya madini ya chuma, kwa mfano, hukaa zaidi kwenye ini na uboho, na hakuna atakayekata ini la mtoto ili aipime. Kinachopimwa ni feritini, protini inayohifadhi chuma, ambayo kiasi kidogo chake huonekana kwenye damu. Vitamini A nayo hufichwa kwenye ini, kwa hiyo hutazamwa protini inayoibeba ikiwa safarini. Hapo ndipo "kipimo" kinapopwaya. Feritini ndiyo iliyopimwa. Chuma kimekisiwa tu.

Vitu hivi ni haba mno katika damu, na kwa miaka mingi havikupimika. Njia ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 huko New York, pale Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipopima insulini kwa kutumia kingamwili pamoja na iodini nururifu. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki. Mwaka 1971 watafiti wa Stockholm waliiondoa miale na kuweka kimeng'enya kinachobadilisha rangi, ikazaliwa ELISA, jina ambalo Wakenya wengi walilizoea kwenye upimaji wa virusi vya UKIMWI.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo kumegandishwa kingamwili zinazonasa feritini tu. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi seramu, yale maji ya manjano, yajitenge juu. Tone la seramu hutiwa, feritini ikanaswa, mengine yakaoshwa. Kisha hutiwa kingamwili za pili zilizobeba kimeng'enya, na mwisho dawa ya rangi. Kadiri feritini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea, na mashine husoma ukolezi huo ikautoa kwa namba.

Bungoma inaijua kazi hii. Katika utafiti wa WASH Benefits, uliofanywa vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga na matokeo yake makuu kutolewa mwaka 2018, baadhi ya watoto walitolewa damu ili kuona kama virutubishi vya nyongeza, maji safi na vyoo vimewajenga. Watafiti hawakuishia kwenye feritini. Walipima pia protini mbili zinazopanda mwili unapopambana na maambukizi, CRP na AGP, kisha wakazitumia kurekebisha hesabu.

Sababu yake ni malaria na maradhi mengine. Vimelea vikiingia, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kisitoke ghalani. Feritini nayo hupanda, na mtoto aliyeishiwa chuma huonekana tajiri. Protini ya vitamini A hufanya kinyume: hushuka, na mtoto mwenye akiba ya kutosha huonekana maskini. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaweka mstari wa upungufu wa chuma chini ya mikrogramu 12 za feritini kwa lita kwa mtoto mzima wa chini ya miaka 5, lakini chini ya 30 ikiwa ana maambukizi.

Mlima Elgon unaongeza jambo lake. Kapsokwony ina baridi, na mbu wa malaria hawastawi huko kama wanavyostawi chini tambarare. Lakini hewa ya juu ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza himoglobini zaidi, ambayo ndiyo ile "namba ya damu" isomwayo kwenye kimashine. Kwa hiyo mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2011 ulipunguza kutoka kwenye namba hiyo gramu 2 kwa lita kwa aliye kwenye kimo cha mita 1,000, gramu 5 mita 1,500 na gramu 8 mita 2,000. Kwa hesabu hiyo ya 2011, mtoto mdogo mwenye gramu 113 akiwa mita 1,000 alibaki na 111, juu ya mstari wa 110 uliotumika wakati huo. Mwenzake mwenye namba ileile, mita 1,500, alibaki na 108, na huyo alihesabiwa kuwa na upungufu wa damu.

Kwa hiyo dalili, kipimo na kiashiria visichanganywe, hasa pale Kiswahili kinapokuwa daraja kati ya mtafiti na mzazi anayezungumza Kisabaoti au Kibukusu nyumbani. Kuashiria ni kuelekeza kwenye kitu, na anayeelekeza anaweza kukosea mwelekeo. Fomu ya ridhaa isiseme "tutapima chuma cha mtoto wako". Iseme: "Tutatoa damu kidogo, tupime feritini, ambayo ni kiashiria cha akiba ya chuma, na kwa kuwa ugonjwa huipandisha, tutapima pia viashiria vya maambukizi." Ni sentensi ndefu zaidi, lakini inampa mzazi haki ya kuuliza swali la maana: siku ile mlipomtoa damu, mtoto wangu alikuwa na homa?