Rumonge katika Nyaraka za Wageni: Neno kwa Mwombaji wa Ufadhili

Wanafunzi wetu wa uzamili wanapoulizia nafasi za kukaa miezi michache katika chuo cha ng'ambo ili kusoma nyaraka za kale, wengi huanza na tarehe ya mwisho ya maombi na kiasi cha posho. Swali linalostahili kutangulia ni hili: unataka karatasi zipi hasa, na unatafuta nini ndani yake? Hifadhi inayompa mtafiti chumba na meza hutaka kujua kwa nini ni lazima aje mwenyewe. Katika makala haya nitatumia mfano wa Rumonge, katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Mengi yaliyoandikwa kuhusu mji huo katika karne ya 19 yaliandikwa na wapita njia.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na miezi miwili baadaye wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira, kaskazini mwa ziwa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao walipita majini kutoka Ujiji kuelekea kaskazini, wakifuata ufuko wa mashariki, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Wote hao waliandika vitabu, na vitabu hivyo vinaiita nchi ya pale Urundi na watu wake Warundi. Mwalimu wa Kiswahili ataona jambo hapo mara moja. Mrundi mwenyewe husema Uburundi na Abarundi. Kiambishi U- cha nchi na wa- cha watu ni vya Kiswahili, na vilidumu: Usumbura ya Wajerumani, kisha Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kwa maneno mengine, nchi ambayo wengi wa watu wake hawakuwa wasemaji wa Kiswahili ilijulikana duniani kwa jina la Kiswahili kwa zaidi ya miaka 100.

Je, huo ni ushahidi kwamba Kiswahili kilisemwa ufukoni wakati ule? Si ushahidi kamili. Msafiri aliyekwisha kupita Ugogo na Unyamwezi angeweza kuendeleza mtindo uleule bila kumsikia mtu yeyote wa Rumonge. Hapa ndipo pendekezo la utafiti linapozaliwa. Kitabu kilichochapwa kimesafishwa, lakini barua iliyoandikwa haraka ziwani hubaki na maneno yaliyosikika siku ile: hongo, posho, majina ya wakalimani, malalamiko juu ya wenye mitumbwi.

Barua za aina hiyo zipo. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, na mmoja wao, Edward Hore, aliyekuwa baharia, alizunguka sana ziwani kupima na kuchora mwambao. Nyaraka za chama hicho zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879, na katikati ya mwaka huohuo wakafungua kituo Rumonge. Hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa na watu wa mtawala wa pale aliyeitwa Bikari. Maelezo ya wamisionari yanataja ugomvi juu ya mtoto aliyekuwa mikononi mwao. Karatasi za shirika lao ziko Roma, na si mali ya chuo kikuu, hivyo mwombaji asizichanganye na za London katika ombi moja kana kwamba ziko jengo moja.

Sasa tazama swali linaloweza kumpa mtu nafasi: ugomvi ule ulizungumzwa kwa lugha gani, na nani alikuwa katikati akitafsiri? Mapadre walikuwa wametokea pwani na msafara wa wapagazi. Ujiji ilikuwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, miongoni mwao Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye baadaye majeshi yake yalijaribu kuingia Burundi na kuzuiwa na Mwami Mwezi Gisabo. Kwa maoni yangu kuzuiwa huko kunaeleza mengi kuhusu ramani ya lugha ya Burundi: Kiswahili kilishika ufuko na masoko, milimani kikabaki mgeni. Lakini hayo ni maoni tu mpaka mtu asome barua.

Mwombaji na aandike miaka (1878 hadi 1881 inatosha), ataje mafungu ya barua kama yalivyo kwenye orodha ya hifadhi, na akadirie siku za kusoma. Wasomaji wa maombi humwogopa anayetaka kusoma kila kitu. Asiombe nauli ya kwenda kuona kinachopatikana bure. Shajara aliyoiandika Livingstone mwaka 1871 juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea, ilikuwa imefifia hata haisomeki, lakini imepigwa picha kwa mbinu za kisasa na sasa iko wazi kwenye intaneti. Aeleze pia lugha anazozisoma. Kifaransa kinahitajika kwa Mapadre Weupe, na mwandiko wa kale wa Kijerumani kwa mafaili ya ukoloni yaliyoko Dar es Salaam ni mtihani wa peke yake.

Kuna sehemu moja ambayo hifadhi ya London haiwezi kuijaza. Katika barua zile watu wa Rumonge wana majina lakini hawasemi. Na wale ambao wangeweza kusimulia waliyoambiwa na babu zao walitawanyika Aprili na Mei 1972, machafuko yalipoanzia Rumonge na sehemu za kusini, kisha mauaji ya serikali yakaenea nchi nzima na maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Tanzania. Wengi waliishi Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Walioanza kurejea kwa wingi mwaka 2008 walirudi na Kiswahili cha makambini, wakakuta majirani wenye Kiswahili cha ufukoni na, mara nyingi, wenye mashamba yao pia. Waliokuwa vijana wakati ule leo ni wazee.

Kwa hiyo katika bajeti ya ombi, chini ya nauli ya London na gharama za viza, ningeweka mistari miwili zaidi: nakala za barua kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Burundi, na nauli ya basi kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kilomita zipatazo 70, pamoja na kinasa sauti.