Kumtafuta Babu Aliyechukuliwa Vitani

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali ambapo leo ni soko. Jina la kikosi halikutoka: Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake.

Vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, ilipiganwa mahali pasipo na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Chakula na risasi vilipanda vichwani mwa watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wasiopungua 90,000 wanakadiriwa kufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Ndiyo maana koo nyingi zina babu ambaye habari zake huishia kwenye maneno mawili: "Hakurudi."

Anayemtafuta babu huyo asikimbilie Idara ya Nyaraka kwanza. Mafaili mengi ya serikali yamepangwa kwa wilaya, kwa hiyo asiyejua kijiji, ukoo wala jina la jumbe wa wakati huo atapotea humo. Aanze na wazee. Hawatamtajia mwaka, ila watamwambia mtoto yupi alizaliwa baada ya vita vya Maji Maji, au nani alizikwa wakati wa homa kuu ya 1918. Hapo tarehe zinaanza kupatikana.

Daftari za ubatizo nazo ni hazina: hutaja mzazi wa aliyebatizwa, nyumbani kwao na msimamizi wake. Misheni ya Bagamoyo, kwa mfano, ilianza mwaka 1868. Kwa familia za Kiislamu, hati za wakfu na za mirathi kwa kadhi hutaja jamaa ambao hakuna mwingine anayewakumbuka.

Tahadhari moja ni kubwa: karani aliandika alivyosikia. Mtu mmoja huweza kuandikwa kwa jina lake, la baba yake, au la kijiji chake. Tafuta yote. Baada ya vita, mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia ndugu zao, na majina yaliyoandikwa vibaya yalichangia. Fedha zilibaki serikalini. Hiyo ilikuwa dhulma.

Sanamu za ukumbusho wa vita hiyo zilizosimamishwa mwaka 1927 hazitaji mpagazi hata mmoja kwa jina. Majina hayo wanayo wazee wetu. Nenda kwa mkubwa wa ukoo, omba ruhusa, mrekodi, na uandike kila jina pamoja na kijiji chake.