Mama Aliyefinyanga Msiba Wake

Kiswahili husema mtu “amefiwa”: kauli ya kutendewa, kana kwamba mfiwa hana la kufanya. Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin, alifiwa Oktoba 1914. Mwanawe Peter, mwenye miaka 18, aliuawa vitani Ubelgiji. Kijana alihitaji ridhaa ya baba ili ajiunge na jeshi. Baba alipokataa, mama alimsihi mumewe hata akakubali. Hivyo majonzi yake yalichanganyika na majuto.

Mwaka huohuo alianza kubuni sanamu ya ukumbusho: kijana amelala, baba kichwani, mama miguuni. Mwaka 1919 aliiacha kazi hiyo, kisha akairudia. Sanamu zilipowekwa makaburini Ubelgiji mwaka 1932, kijana hakuwamo tena. Walibaki wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja peke yake, kwa sura ya Käthe na mumewe Karl.

Kazi ilichukua miaka 18, sawa na umri wa marehemu. Haikumfuta machozi, ilimwezesha kupiga magoti mbele ya mwanawe, na kubaki hapo.