Michezo 100 ya mwaka 1950

Wandugu, ile dilema ya wafungwa tulifundishwa kama vile kila mutu mwenye akili lazima amusaliti mwenzake. Historia yake haisemi hivyo.

Mu Januari 1950, Merrill Flood na Melvin Dresher, wa RAND kule Marekani, waliwachezesha wenzao wawili mara 100: Armen Alchian, mwanauchumi, na John Williams, mwanahesabu. Kila mara, kila mumoja achague: kushirikiana ao kusaliti. Kwa hesabu, kusaliti njo faida, mwenzako afanye lolote. Lakini mara 60 wote wawili walishirikiana.

John Nash alipinga: ile si michezo 100, ni muchezo mumoja murefu. Alisema kweli, na pale njo penye somo letu.

Mimi ni wa kilimo. Nikingoa migomba yenye mnyauko na jirani aache yake, ugonjwa unarudi kwangu. Basi kila mutu anangojea mwenzake, na shamba zote zinakufa. Lakini jirani si wa siku moja. Tusiende kuwahubiria wakulima wema tu. Tuwakutanishe, wapatane, halafu wakutane tena kila musimu.