Tandiko Lisilo la Ngozi: Neno na Kitu katika Historia ya Uzaramo

Msamiati wa Kiswahili unaohusu mnyama wa kupandwa una asili mbili. Lijamu na hatamu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Tandiko, kwa upande wake, limenyambuliwa kutoka kitenzi tandika, yaani kutanda kitu juu ya kingine, na kitenzi hicho hakitaji ngozi. Swali linalozuka ni iwapo historia ya Uzaramo, nchi inayoenea katika sehemu kubwa ya Kibaha na Kisarawe, inaafikiana na ushahidi huo wa lugha.

Misafara inatoa jibu. Mwaka 1857 Burton na Speke walilifuata bonde la mto Ruvu wakiwa na punda wa mizigo. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na punda 27 na farasi wawili. Farasi hao walikufa siku chache baada ya kuvuka Ruvu. Matandiko ya punda wake yalikuwa yameshonwa Unguja kwa turubai, kamba na pamba. Bara kulikuwa na mbung'o, ambao David Bruce alionyesha mwaka 1895 kuwa hueneza ugonjwa wa nagana. Kwa hiyo mzigo ulibebwa na mpagazi, na fundi wa matandiko ya ngozi hakuwa na soko.

Kiti cha ngozi kilienea kwa njia ya baiskeli. Baiskeli za Kiingereza zilikuja na viti vya ngozi iliyowambwa juu ya fremu ya chuma, mtindo ambao kampuni ya Brooks ya Birmingham iliupatia hataza mwaka 1882. Baiskeli ikawa mpagazi mpya: hata baada ya mwaka 2000, magunia ya mkaa wa Kisarawe yaliingia Dar es Salaam juu yake.

Ngozi ya kiti hicho hupimwa kama ya tandiko la farasi. Mng'aro si ushahidi. Ngozi hukunjwa kidogo: ufa wa juu juu huvumilika, upenyao haufai. Unga mwekundu unaobaki kidoleni ni dalili kwamba ngozi iliyodabighiwa kwa magome imeoza ndani, wala mafuta hayairudishi. Iliyo kavu lakini nzima hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta machache, maana yakizidi huilegeza. Nati ya mbele hukazwa taratibu. Pupa hupasua ngozi penye ribiti.

Kamusi inayolifasili tandiko kuwa kiti cha ngozi pekee huandika historia ya nchi nyingine. Tandiko la misafara lilikuwa la turubai na kamba, vitu visivyodumu, na ushahidi wake uliobaki ni neno lenyewe. Hatari hiyohiyo inakikabili kiti cha ngozi cha baiskeli, kwa kuwa plastiki imechukua nafasi yake. Istilahi za mafundi wanaojua kukipima zastahili kuandikwa wangali wakizitumia.